Kumsoma Moebius: Mwongozo kwa Mtu Mzima Anayeanza

Ukifungua Arzach kwa mara ya kwanza utatafuta maneno, na hutayaona. Juu kuna jina la kisa, kisha zinafuata kurasa za rangi: mtu mwenye kofia ndefu iliyochongoka amempanda dege jeupe lisilo na manyoya, wanapita juu ya nchi ya mawe. Hakuna kiputo cha maneno hata kimoja, wala msimulizi wa kukuambia huu ni mwaka gani na hii ni sayari ipi. Ukizigeuza kurasa kwa mwendo uleule unaosomea katuni ya gazetini, utamaliza kisa kabla chai haijapoa, kisha utauliza: ndiyo basi? Mwongozo huu ni wa mtu aliyewahi kuuliza swali hilo, akakifunga kitabu na kumrudishia mwenyewe.

Mchoraji ni Jean Giraud, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1938 karibu na Paris na kufariki mwaka 2012. Alikuwa na majina mawili ya kazi, na ni vizuri uyajue yote mawili kabla hujamhukumu. Kwa jina la Gir alichora Blueberry, hadithi ndefu ya mwanajeshi wa farasi katika Marekani ya karne ya 19, iliyoanza kutoka mwaka 1963 katika jarida la Pilote, mwandishi wake akiwa Jean-Michel Charlier. Charlier alikuwa fundi wa visa vilivyokazwa: ukurasa unaishia pale unapokulazimisha ufungue unaofuata, na kila mhusika ana sababu ya kuwa alipo. Kwa jina la Moebius, Giraud huyohuyo alifanya kinyume chake. Nalitaja hili mapema kwa sababu wasomaji wengi wakikutana na kazi za Moebius hudhani wameangukia mikononi mwa mtu asiyejua kupanga hadithi. Alikaa zaidi ya miaka kumi ndani ya hadithi zilizopangwa hadi kucha, ndipo akataka kuona itakuwaje asipopanga kitu.

Uwanja wa kufanyia hayo aliupata mwishoni mwa mwaka 1974, yeye na Philippe Druillet, Jean-Pierre Dionnet na Bernard Farkas walipoanzisha kampuni ya uchapishaji, Les Humanoïdes Associés. Jarida lao, Métal Hurlant, lilianza kutoka mwanzoni mwa 1975, likiwa la watu wazima na la hadithi za kisayansi. Wamarekani walilitolea toleo lao mwaka 1977 kwa jina la Heavy Metal. Ukiona sura ya nyota na miji ya baadaye katika filamu nyingi za tangu wakati ule inakukumbusha kitu usichokijua, mara nyingi kitu hicho ni kurasa hizi. Moebius mwenyewe alichora mavazi ya wanaanga wa Alien (1979), akafanya kazi katika Tron (1982) na baadaye The Fifth Element (1997).

Kabla ya kusoma, tazama unasomea wapi

Albamu za Kifaransa ni kubwa, karibu sawa na gazeti lililokunjwa, na mchoraji alipanga ukurasa wote kwa pamoja. Anajua kwamba jicho lako litauona wote kwa mara moja kabla hujashuka kwenye fremu ya kwanza. Simu huvunja mpango huo. Programu nyingi za kusomea katuni hukuonyesha fremu moja moja, zikaikuza na kuitelezesha, na hapo unapata kila kitu isipokuwa kile ulichokifuata. Kama huna kitabu chenyewe na una faili tu, tumia kompyuta, weka kurasa mbili zitazamane, na uzime ule ukuzaji wa fremu. Kama una simu tu, ilaze, na uvumilie herufi ndogo.

Jambo la pili ni rangi. Arzach ilichorwa kwa rangi tangu mwanzo, na rangi ndiyo inayobeba nusu ya habari. Le Garage hermétique, ambayo tutakaa nayo sana hapa chini, ilichorwa kwa wino mweusi tu. Baadaye ilitiwa rangi, na matoleo ya Kiingereza yaliyotolewa na Epic, tawi la Marvel, kuanzia mwaka 1987 yalikuja na rangi hizo. Ukiwa na hiari, chukua ile ya weusi na weupe. Rangi huyafanya mambo yaonekane yametulia na kuelekea mahali, na katika kitabu hiki hayajatulia hata kidogo.

Kuhusu lugha: Arzach haina lugha, kwa hiyo nunua toleo lolote linalopatikana kwa bei nafuu. Vingine vipo kwa Kifaransa na Kiingereza, na sijakutana na kimoja kwa Kiswahili. Msomaji wa Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura yuko mbele yetu hapa. Kifaransa anacho, na albamu si kitu kigeni kwake. Barly Baruti wa Kisangani amekuwa akichora na kuchapisha katika mkondo huohuo wa Kifaransa na Kibelgiji kwa miaka mingi. Kwa wa Nairobi na Dar es Salaam, maktaba za Alliance Française ni mahali pa kuuliza, hata kama unatafuta picha tu na Kifaransa chako kiliishia kwenye salamu.

Na tahadhari moja ya nyumbani. Kwetu kitabu chenye michoro huokotwa na mtoto kabla mwenyewe hajavua viatu. Hivi si vya mtoto. Kuna uchi, kuna kuuawa, na kuna ndoto ambazo hutaki kuulizwa maana yake mezani. Viweke juu.

Anza na Arzach

Watu wengi watakuambia uanze na L'Incal, kazi nyingine ya Moebius, kwa kuwa ina hadithi inayoeleweka. Sikubaliani nao. L'Incal itakufundisha kukimbia, na ukishazoea kukimbia hutasimama tena. Arzach ni visa vinne vifupi vya 1975 na 1976, na hata jina la kisa hubadilika tahajia kila mara: Arzach, Harzak, Arzak, Harzakc. Usiangalie hilo kama fumbo. Ni mzaha, na pia ni taarifa kwamba hapa hakuna mtu anayetunza daftari la nani ni nani.

Kisome mara tatu, siku moja ukitaka.

Mara ya kwanza pita tu, bila kurudi nyuma na bila kujiuliza maana. Mara ya pili kaa kwenye kila fremu na ujiulize nani anatazama, yuko umbali gani, na kipi kimebadilika tangu fremu iliyopita. Utashangaa. Kuna mahali ambapo kilichobadilika ni kivuli tu, au ni mlima kusogea, na ndipo unapogundua kwamba dege limesafiri kutwa nzima ndani ya ule mstari mweupe unaotenga fremu mbili. Mchoraji wa Marekani Scott McCloud, katika kitabu chake Understanding Comics cha mwaka 1993, aliuchambua mstari huo mweupe kuliko mtu yeyote. Mfano wake ni huu: fremu moja inaonyesha mtu ameinua shoka, inayofuata inaonyesha mji usiku na ukelele angani. Mchoraji hakuchora mauaji. Wewe ndiye uliyeua, na wewe ndiye uliyechagua pigo lilitua wapi. Kwenye katuni za kawaida kazi hiyo hufanywa nusu nusu, maana maneno hukusaidia. Kijisanduku kinakuambia "baadaye", au mtu anasema "tumefika". Moebius ameondoa maneno, kazi yote ikakubakia wewe.

Sisi wa huku tuna tatizo letu hapa, na halina aibu. Macho yetu yalifundishwa na jarida la Sani, na akina Lodi Lofa na Kipepe. Yalifundishwa na Juha Kalulu wa Taifa Leo. Wakubwa wetu walifundishwa na picha za Lance Spearman katika jarida la African Film. Zote hizo ni hadithi zinazoongozwa na mdomo. Picha inakuonyesha nani anasema, na utamu uko kwenye alichosema. Msomaji hodari wa Sani husoma viputo vyote vya ukurasa kwa pumzi moja na kuzitazama picha kwa pembeni ya jicho. Ustadi huo, ambao ni ustadi kweli, ndio unaomfanya amalize Arzach akiwa hajaona kitu. Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Kaka, kitabu chako kizuri, ila wamesahau kuandika." Nilimwomba akisome tena huku ameweka kidole kwenye kila fremu na kuhesabu polepole hadi tano kabla ya kusogea. Ni njia ya kitoto, lakini inafanya kazi, maana inaunyima mkono nafasi ya kulikimbiza jicho.

Mara ya tatu, simulia. Mpe mtu mwingine kitabu, mke, mume au jirani, kila mmoja akisome peke yake, kisha msimuliane bila kukitazama. Visa vyenu vitatofautiana. Mmoja atasema mpanda dege ni mwindaji, mwingine atasema ni mlinzi, na mtarudi kwenye kurasa kutafuta ushahidi. Katika kule kurudi ndiko utakakoona vitu ambavyo macho yaliviruka.

Neno moja kuhusu kisa cha kwanza. Mpanda dege anamchungulia mwanamke aliye uchi dirishani, na mwanamume mwingine anapoteza maisha kwa sababu ya uchunguliaji huo. Mwisho wa kisa unamgeukia mchunguliaji, na Moebius bila shaka alijua anamcheka nani. Hata hivyo simtetei kwa kila ukurasa. Métal Hurlant lilichorwa zaidi na wanaume wa miaka ya sabini, na wanawake wengi katika kurasa zake wamewekwa ili watazamwe tu. Kusoma kama mtu mzima ni pamoja na kulisema hilo na bado kuutazama mstari wa wino ulivyochorwa.

Garage, au jinsi ya kupotea vizuri

Sasa tufike kwenye kitabu chenyewe. Le Garage hermétique kilitoka kidogo kidogo katika Métal Hurlant kati ya mwaka 1976 na 1979, kurasa mbili, tatu au nne kwa toleo. Kilianza kama mchezo. Moebius alichora kurasa mbili bila nia ya kuendelea, Dionnet akazichapisha na kutaka mwendelezo, na mchoraji akajikuta anadaiwa hadithi asiyokuwa nayo. Kwa takriban miaka mitatu aliijenga mbele ya wasomaji, akijiingiza kwenye shida mwezi huu na kutafuta njia ya kutokea mwezi ujao. Hakukuwa na mpango ulioandikwa.

Kinachoweza kusemwa bila kukuharibia ni hiki. Kuna kimondo, na ndani yake kuna ulimwengu wenye tabaka tatu. Ulimwengu huo una mtu aliyeuunda, Meja Grubert, mwenye kofia ya jua ya kikoloni na masharubu, anayeuangalia kutoka kwenye chombo chake kiitwacho Ciguri. Kuna mhandisi Barnier, ambaye katika kurasa za mwanzo kabisa ameharibu mashine na anaogopa Grubert atamfanya nini. Na kuna Jerry Cornelius, mhusika wa mwandishi wa Uingereza Michael Moorcock, ambaye aliruhusu waandishi na wachoraji wengine wamtumie. Katika matoleo ya baadaye ya Kiingereza utamkuta mtu huyohuyo anaitwa Lewis Carnelian. Kama unasoma toleo moja na mwenzako lingine, kumbukeni hilo kabla hamjagombana.

Kosa la kwanza la msomaji mpya ni kukisoma kwa mkao mmoja. Hakikuchorwa hivyo. Wasomaji wa mwaka 1977 walipewa kurasa tatu, wakakaa nazo mwezi mzima, wakazisahau nusu, kisha wakapewa nyingine tatu. Kusahau kule kulikuwa sehemu ya mchezo. Ukizimeza zote usiku mmoja, mikatiko inakuwa kero. Ukizigawa, kila mkatiko unakuwa mlango. Ushauri wangu ni sura moja kwa usiku, ya mwisho kabla ya kulala. Kwa mtu mwenye kazi na watoto huu ni mpango unaotekelezeka kuliko riwaya yoyote ya kurasa mia nne.

La pili: usiamini muhtasari. Sura nyingi zina maneno machache mwanzoni yanayodai kukukumbusha yaliyotokea. Mengi ni utani. Yanataja mambo ambayo hukuyaona, yanaapa kwamba kila kitu kitaelezwa hivi karibuni, yanauliza maswali ambayo hakuna aliyeuliza. Mtu aliyezoea kuamini kila kijisanduku cha msimulizi atarudi nyuma kutafuta kurasa alizoruka, akidhani nakala yake ina kasoro. Haina. Soma muhtasari kama unavyomsikiliza mlevi wa mtaani anayekusimulia mechi: umpe sikio, lakini usimnukuu.

La tatu, tazama mkono wa mchoraji. Hapa ndipo kitabu kinapokuwa shule. Katika sura moja uso wa mtu umejengwa kwa vistari vidogo vya wino vilivyopandana mamia, kivuli kizito, kila kunjo la nguo linahesabika. Sura inayofuata mtu yuleyule amechorwa kwa mistari michache mitupu kama katuni ya kuchekesha, na nyuma yake hakuna kitu. Kuna kurasa zinazoiga picha za mashujaa wa Marekani, na kuna nyingine zinazokaribia michoro ya kitabu cha kale. Kwa mchoraji mwingine ungesema amechoka. Kwa huyu, ambaye kama Gir angeweza kuchora farasi yuleyule kwa miaka bila kubadilisha ukwato, ni uamuzi. Chukua karatasi na uandike, kwa kila sura, mstari ni mnene au mwembamba, kivuli kipo au hakipo, mandhari imejaa au ni tupu. Baada ya sura kama kumi utaanza kuona kwamba mtindo unabadilika pale tunapohama tabaka, au pale mzaha unapoingia, na mara nyingine unabadilika bila sababu yoyote unayoweza kuitaja. Hizo za mwisho ndizo ninazozipenda.

Karatasi hiyohiyo iandikie majina. Wahusika ni wengi, wengine hutokea mara moja na kutoweka, wengine hurudi baada ya sura kadhaa kana kwamba hawakuondoka. Jina na ukurasa vinatosha. Usichore mti wa ukoo, utajichosha.

Nitakupa na kipimo cha kupotea, maana utapotea. Ukihisi huelewi tena, rudi hadi fremu ya mwisho ambapo ulijua uko wapi na nani yuko nawe. Soma kuanzia hapo kwa kidole. Ukiipata njia, basi uliruka kitu, na kosa lilikuwa la mwendo wako. Ukifika palepale na giza likawa lilelile, mchoraji naye hajui, na mnasubiri pamoja sura inayofuata. Endelea. Kitu ambacho hupaswi kufanya ni kufungua maelezo ya mtu mwingine mtandaoni yaliyopangilia hadithi yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Maelezo hayo yapo, na mengi ni sahihi, lakini yanakupa ramani iliyochorwa baada ya safari, wakati mwenyewe aliyesafiri hakuwa nayo.

Swali ambalo huulizwa kila mara ni kama hadithi hatimaye "inafunga". Inafunga kwa kiasi, tena kwa ustadi ambao hukuutarajia. Moebius katika sura za mwisho aliokota nyuzi nyingi kuliko alivyolazimika. Zinazobaki zinaning'inia. Kama wewe ni mtu wa kukosa usingizi kwa sababu ya uzi mmoja unaoning'inia, kitabu hiki kitakusumbua, na ni haki yako kukiacha katikati.

L'Incal, kwa ufupi

Baada ya hapo L'Incal itakuwa mteremko. Maandishi ni ya Alejandro Jodorowsky, mtengenezaji filamu aliyezaliwa Chile, ambaye katikati ya miaka ya sabini alimwajiri Moebius kuchora filamu ya Dune. Michoro ilifika maelfu, fedha zikakosekana, filamu haikutengenezwa. Mabaki mengi ya ndoto ile yalihamia kwenye L'Incal, iliyoanza katika Métal Hurlant mwishoni mwa 1980 na kukamilika kama albamu sita mwaka 1988. Jodorowsky alikuwa akimsimulia Moebius hadithi kwa mdomo, akiigiza kwa mikono na sauti, na Moebius anachora papo hapo. Ukijua hivyo utaisoma vizuri zaidi, kwa sababu ina kasi ya mtu anayesimulia amesimama: John Difool, mpelelezi wa bei rahisi, anaanza hadithi akiwa anaanguka kwenye shimo la mji kuelekea ziwa la tindikali, na tangu hapo hakuna kupumzika.

Soma albamu mbili za kwanza kwa raha yako. Kuanzia katikati mafumbo ya Jodorowsky huongezeka, nuru na giza, cha juu na cha chini, na mimi hapo huanza kumwangalia zaidi mchoraji kuliko mwandishi. Tazama umati. Moebius akichora watu mia mbili kwenye daraja, kila mmoja ana jambo lake. Kama muda wako ni mfupi kabisa, iache L'Incal na utafute The Long Tomorrow ya mwaka 1976, kurasa chache tu, maandishi ya Dan O'Bannon, ambaye naye alikuwa kwenye kundi la Dune lililovunjika na baadaye akaandika Alien. Ni hadithi ya mpelelezi katika mji uliojengwa kwenda chini. Ridley Scott aliijua kabla ya kutengeneza Blade Runner mwaka 1982, na ukiwa umeiona filamu hiyo utautambua mji.

Ukitaka kwenda mbali zaidi

Kuna vitabu viwili ninavyompa mtu aliyemaliza Garage bila kukitupa.

Cha kwanza ni Here cha Richard McGuire wa Marekani. Kilianza kama kurasa sita za weusi na weupe katika jarida la Raw mwaka 1989, kisha kikawa kitabu kizima cha rangi mwaka 2014. Kilipata tuzo ya albamu bora katika tamasha la katuni la Angoulême mwaka 2016, na mwaka 2024 Robert Zemeckis akakitolea filamu. Kila ukurasa ni pembe ileile ya sebule moja, iliyotokana na nyumba ya utotoni mwake huko Perth Amboy, New Jersey. Kinachobadilika ni mwaka. Ndani ya picha kubwa kuna madirisha madogo ya miaka mingine, kila moja na tarehe yake kwenye pembe: mama wa miaka ya hamsini, mnyama wa kabla ya watu, mafuriko ya baadaye. Kinarudi nyuma hadi miaka bilioni tatu na zaidi kabla ya Kristo na kwenda mbele hadi mwaka 22175. Hapa usisome kwenye skrini ukiweza kuepuka, maana pembe ya sebule imekaa hasa kwenye mkunjo wa kitabu, kuta mbili zikiwa kurasa mbili, na ukikifungua nusu unakuwa umeshika chumba mkononi.

Namna ya kukisoma: mara ya kwanza pitia chote kwa mpangilio. Mara ya pili chagua mwaka mmoja na ufuate madirisha yake tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukiruka mengine yote. Mara ya tatu chagua kitu, kikombe, ugomvi, au mtu anayeanguka, na uone kinajibiwa na nini katika mwaka mwingine kwenye ukurasa huohuo. Filamu iache mwishoni, au iache kabisa.

Cha pili ni Blame! cha Mjapani Tsutomu Nihei, juzuu kumi zilizochorwa kati ya 1997 na 2003. Mtu aitwaye Killy anatembea ndani ya jengo lisilo na mwisho ambalo limekuwa likijijenga lenyewe, akitafuta binadamu mwenye chembe fulani ya urithi. Maneno ni haba, na kurasa nyingi ni ngazi, madaraja na mashimo tu. Mtu aliyejifunza kuhesabu hadi tano kwenye Arzach atakuwa nyumbani hapa, ila akumbuke kwamba manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kitabu kizima na kila ukurasa: anza kwenye fremu ya juu kulia. Watu kadhaa niliowaazima walifungua kwa mazoea, wakakutana na ukurasa wa mwisho kwanza, na kwa kuwa hakuna maneno wakasoma kurasa kadhaa kinyumenyume bila kugundua. Juzuu ya kwanza ni ya kujaribia. Kama haikukukamata, usinunue tisa zilizobaki kwa matumaini.